Simu ya Wambui na Kura Zisizo na Jina

Alhamisi, baridi ya kukata masikio.

Hapa mtaani Tena hata mvua hainyeshi kabla sijatoa kichwa dirishani. Ndiyo maana dada yangu alipoenda kufanya kazi ng'ambo aliniachia mimi binti yake, Wambui, ambaye sasa yuko chuo kikuu.

Wiki hii niliapa kumnyang'anya simu. Kila nikimuuliza mbona anaibonyeza mpaka darasani, jibu ni moja: "Anko, ndiyo tunayojibia maswali. Na ina maksi. Ukiichukua, nimeanguka."

Simu ya kumjibia mwalimu! Mimi si wa kuja jana. Mtaani kwetu mtu akiinamia simu huku anatabasamu, ama amecheza kamari ama amependwa.

Leo nikavaa koti la harusi, nikaandamana naye. Askari wa geti alinipigia saluti. Bila shaka alidhani mimi ni profesa. Tukaketi nyuma.

Kumbe ni kweli.

Mhadhiri alirusha swali ukutani: bei ya gesi ikipanda, wateja wa makaa watakuwaje? Chini yake, majibu manne. Ukumbi kimya, vidole tu. Hakuna mkono juu, hakuna jina linaloonyeshwa ukutani. Hapo ndipo nikashuku zaidi. Anayeficha jina anaficha nini kingine?

Wambui akanifungulia ukurasa wa kupigia kura kwenye simu yangu. "Jaribu na wewe, Anko. Ama unaogopa?"

Niogope? Mimi niliyefundisha viwanda vyote vya Industrial Area kufanya biashara?

Jibu la kwanza lilisema wataongezeka. Rahisi mno. Huu ni mtego, nikajiambia. Nikafunika simu kwa kofia, nikabonyeza la nne: watu wataacha kupika.

Matokeo yakachorwa ukutani, kila jibu na nguzo yake; ya kwanza ikapaa. Ya nne ikabaki na kura moja. Mhadhiri akacheka, akasema lile la nne aliliweka kwa mzaha tu, hakutarajia mtu. Ukumbi mzima ukageuka kutafutana.

Simu nimemwachia Wambui. Nimemwambia nimechunguza nikaridhika, ingawa bado naona hawa watu wana jambo.

Ila shajara haidanganywi. Wambui aliponinong'oneza, "Ni nani huyo, jameni?" nilimwonyesha kwa kidevu bwana wa watu mwenye miwani, aliyeketi mbele yetu, nikatikisa kichwa kwa masikitiko.