Kuni za Msiba

Mugoma, Ngara
Jumatano mchana

Kaka Fideli,

Shikamoo. Natumaini huko Biharamulo mnaendelea vizuri, wewe na wifi, na kwamba homa ya mtoto imekwisha. Sisi huku hatujambo, maharage yameanza kutoa maua. Kaka, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata kwa padri, siku ya kitubio, nililiruka. Simu ninayoazima ni ya Mama, na jambo hili siwezi kulisema kwenye simu ya Mama. Ndiyo maana naandika.

Nilikwambia nimesajiliwa Mugoma Queens, timu ya wasichana inayodhaminiwa na ile kampuni ya majiko ya gesi. Walitupa jezi, viatu na mipira miwili. Mgongoni pameandikwa PIKA BILA MOSHI, hadi watoto wa hapa sasa wananiita Bila Moshi. Kila mechi, wakati wa mapumziko, Bwana Leonidasi wa kampuni hushika kipaza sauti akaeleza watu madhara ya kupikia kuni. Husema bila mpira, nani angetoka kwake kuja kusikiliza habari za jiko?

Mama alikuwa hakosi mechi. Husimama karibu kabisa na mstari, kitenge kakifunga kiunoni, anapiga kelele kwa Kirundi kuliko kocha. Siku moja Claudia, nahodha wetu, alisema Mama apewe jezi acheze beki, maana mpira ukimsikia utarudi wenyewe. Wote walicheka. Nami nilicheka, kaka.

Mwezi wa sita Bwana Leonidasi alitaka kila mchezaji aandike, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, habari za jiko la kwao. Itakayoshinda ingesomwa uwanjani, na mwandishi angepelekewa jiko la gesi nyumbani. Unanijua, kusema siwezi, ila kuandika naweza. Niliandika, nikamkabidhi, nikanyamaza.

Fainali tulichezea Rulenge. Wakati wa mapumziko nikasikia jina langu kwenye kipaza sauti. Bwana Leonidasi alisema huyu binti, Irambona, namba saba, mwaka jana alimzika mama yake mzazi, moshi wa kuni ulimmaliza mapafu, na bado anaipigania timu. Wanaume wakavua kofia. Mama alikuwa pale pale kwenye mstari, ameshika chupa yangu ya maji, akitazama chini. Claudia akasema yule baba amechanganya karatasi za watu. Nikaitikia kwamba ndiyo, amechanganya. Kipindi cha pili sikusikia sauti ya Mama hata mara moja. Tulishinda mbili kwa moja.

Jumapili iliyofuata, tumetoka kanisani, akina mama saba wa Mbuba waliingia uani kwetu, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani na maharage kwenye kikapu, kama inavyopasa kwenda msibani. Walikuwepo uwanjani siku ile, na walikuwa wametembea tangu alfajiri kumtafuta yatima wa namba saba. Mama ndiye aliyewatua mizigo. Mimi nilibaki mlangoni. Walimuuliza yeye ni nani wa marehemu. Mama akawajibu kuwa marehemu ni dada yake, ndiye aliyenizaa, na yeye ndiye aliyeachiwa kunilea. Akatandika mkeka, wakakaa. Wakamwambia mwihangane, naye akazipokea pole, moja moja. Bibi Kanyange, mkubwa wao, akasema marehemu alijua kuzaa, mtoto ana mbio kama swala. Mama akasema ni kweli, na tena marehemu alimpenda sana huyu mtoto. Kisha akawasha moto kwa kuni zile zile, akawapikia, wakala kabla ya kurudi.

Mpaka leo hajaniuliza kitu. Jiko la gesi lililetwa Ijumaa, liko pembeni na plastiki yake. Mechi haji tena.

Kaka, Bwana Leonidasi hakuchanganya karatasi. Niliandika mimi. Nilijidanganya kuwa ni kama insha za mwalimu Habimana, ambamo tumeshaua wazazi wengi ili tupate alama, na jioni tukawakuta nyumbani wanamenya ndizi. Lakini hilo si lote. Nilipokuwa naandika nilivisikia vile vicheko vya akina Claudia, na nilipomaliza sentensi ya kumzika Mama, nilijisikia mwepesi. Huo wepesi ndio nilioshindwa kumwambia padri.

Msalimie sana wifi, na mtoto umbebe kwa niaba yangu. Usinijibu kwa hasira, au nijibu nayo tu, yote sawa.

Nasikia ndala za Mama, anatoka shambani, amefika karibu na mlango. Nimechukua daftari niifunike barua, halafu nimeliweka chini. Kusoma Kiswahili hakumwendei vizuri, ataniuliza nakuandikia nini. Nitamsomea yote, kwa Kirundi.

Mdogo wako,
Irambona