Nyani Hawajabatizwa

Kwa Dada Marselina, mshauri wa gazeti letu,

Naomba unisaidie kabla mtama haujaisha, maana ninaandika huku mtoto mmoja amelala pajani na mwingine ananivuta kanga, na shule nilifika darasa la nne tu, kwa hiyo nikikosea niwie radhi, lakini ninachokisema nina hakika nacho.

Mume wangu ni Saturnini. Ni mtu mwema, halewi, hanipigi, na padri asipofika kigangoni kwetu yeye ndiye anayetusomea Maandiko siku ya Jumapili. Mwaka juzi mwishoni, kabla ya mvua, padri alitubarikia mbegu na kunyunyiza maji ya baraka kwenye pembe za mashamba, basi Saturnini akarudi nyumbani akasema shamba lililobarikiwa halilindwi, na mtu atakayepanda kukaa dunguni kuamia na kufukuza nyani baada ya baraka ile anamwonyesha Mungu kwamba hamwamini. Padri hakusema neno hilo, nilikuwepo na nilisikia. Nguruwe tuliwachimbia mashimo, na hilo halikumpunguzia imani kwa kuwa mashimo alichimba kaka yangu, lakini kukaa dunguni kutwa nzima juani ilikuwa kazi yetu sote wawili kwa zamu, na zamu yake ndiyo iliyogeuka dhambi.

Nikajiuliza watoto watakula nini. Kila asubuhi yeye akishaondoka kwenda misheni, ambako ni seremala, mimi nambeba huyu mdogo mgongoni, nashuka bondeni na debe bovu, napanda dunguni nalipiga mpaka mkono unakufa ganzi, nyani wakija upande huu nakimbia, wakienda upande ule nakimbia, jioni narudi na kuni kichwani ili aone nilikwenda kuokota kuni. Siku zile bonde zima lilikuwa linalia madebe, kwa hiyo hakuna aliyejua lipi ni langu. Mtama ukapona. Saturnini akachagua masuke makubwa makubwa, akayapeleka kanisani, akasimama mbele ya watu akawauliza kama wameona.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia ndani, sisi wawili, tena si mara moja. Kwanza alisema shetani ananitumia. Siku nyingine alicheka, akaniuliza, "Mama Teofili, nyani wakuogope wewe?" Mwisho alikubali kwamba nililinda, ila akasema ni ile baraka ndiyo iliyoninyanyua miguu, kwa hiyo hata kuchoka kwangu kukawa ushahidi wake. Mtu wa namna hiyo unamshika wapi?

Sasa mwaka huu jirani zetu wamemfuata. Wameshuka kwenye madungu, wengine kwa imani, wengine kwa uvivu, na nasikia hata huko Nandagala watu wameanza kuulizia. Upande wetu wa kijito debe linalolia ni langu peke yake, na nyani wameshajua. Ng'ambo yuko Mwantumu, jirani yetu Mwislamu, yeye hajaacha kulinda la kwake, na akipita ananiambia, "Mama Teofili, Mungu wenu ndiye wetu, lakini nyani hawajabatizwa." Tunacheka wote wawili, kisha nikibaki peke yangu nalia.

Juzi wameingia kwa Lusiana, mjane, mwenye watoto wadogo kama wangu. Nilikuwa nanyonyesha, na nilipofika walikuwa wamekwisha kuvunja nusu ya shamba, mtama wenyewe bado una maziwa, hata kuokota haufai. Lusiana akaja nyumbani kumwuliza Saturnini imekuwaje. Mume wangu akamjibu, mimi nimesimama pale pale na sufuria mkononi, "Yatazame maisha yako, dada. Baraka haikai juu ya dhambi." Yule mama akaondoka ameinamisha kichwa, akijitafutia dhambi yake njiani.

Jumapili Saturnini akasoma maneno ya Sulemani juu ya mpumbavu anayechukia kuonywa. Aliyasoma vizuri, sauti anayo, na macho yake yalikuwa benchi la nyuma, kwa Lusiana.

Wifi yangu Magreti ananiambia nifunge mdomo, eti mke mwema hamvui mumewe nguo mbele za watu, tena watasema nimedharau maji ya baraka, na Saturnini atanyang'anywa ile kazi ya kusoma. Nikiacha kulinda ili apate kuona, wanangu watalala njaa. Nikiendelea, yeye anazidi kuaminiwa, na wa wenzangu ndio watakaolala njaa. Dada, huyu mtu anasoma Maandiko kila siku ya Mungu, mbona hekima haimwingii? Ila nakuomba jambo moja, usiniambie nivumilie. Nimekwisha kuvumilia, faida yake nimeiona shambani kwa Lusiana, na huko sirudi. Jina langu mkitaka kuliandika liandikeni, sijifichi.

Goreti, mama wa Teofili
Nje ya Mnero, Nachingwea, Mei 1953

*

Mama Teofili,

Jibu hili nimelituma kwako kwanza kwa mkono wa mtu anayekuja misheni, kwa sababu gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi na nyani hawalisubiri. Hapa naliandika kwa ajili ya wengine, maana akina Saturnini ni wengi, na akina Goreti wanaowafunikia ni wengi zaidi.

Umeuliza mbona hekima haimwingii. Sulemani alipoambiwa na Mungu aombe alitakalo, alianza kwa kukiri kwamba yeye ni mtoto mdogo, hajui kutoka wala kuingia, kisha akaomba moyo wa kusikia. Hakuomba mdomo wa kuwafundishia wenzake. Mumeo anayasoma maneno ya Sulemani, lakini sala ya Sulemani hajaisali hata siku moja. Mpumbavu wa Maandiko anaweza kuwa na akili nyingi tu, na sauti nzuri juu yake. Ubaya wake ni kwamba kila kinachotokea kinampa haki. Mtama ukipona, ni imani yake. Ukiliwa, ni dhambi ya mjane. Mtu aliyejifungia hivyo, hekima ipitie mlango gani?

Nakuhurumia, mdogo wangu, na hapo hapo nakugombeza. Ulimwambia kwa mdomo, ndani, mlango umefungwa, na kesho yake asubuhi mikono yako ikamwambia kinyume. Kila suke lililopona lilimwambia kwamba amesema kweli. Ulidhani unawalisha watoto peke yao, kumbe unaulisha na upumbavu wa baba yao, nao umenenepa mpaka umelifikia shamba la Lusiana.

Wifi yako anakutajia mke mwema. Mwulize kama amewahi kumsikia Abigaili. Mumewe Nabali alimtukana Daudi, na Daudi akaondoka na watu wenye panga kuja kuwaua wanaume wote wa nyumba ile. Abigaili hakukaa jikoni akitunza heshima ya mumewe. Alipanda punda, akawakuta njiani, akasema mbele yao wote kwamba mume wangu ni mpumbavu, maneno yake msiyahesabu. Watu wakapona. Na Maandiko hayakumlaumu, yalimwita mwanamke wa akili.

Basi fanya hivi. Ukishapata barua hii nenda kwa Lusiana, kabla hujainjika chochote motoni, umwambie ni nani aliyelinda mwaka jana. Umwambie kwa maneno haya haya kwamba hana dhambi iliyoita nyani. Mkitoka hapo wafuateni wanawake wenzenu wa upande wenu wa kijito, mrudi madunguni kwa zamu, mmoja abaki na watoto, ili mgongo wako nao upumzike. Jumapili, baada ya sala, simama uyaseme uliyoniambia mimi, kwa sauti ya kawaida, bila tusi. Wakikuambia umedharau maji ya baraka, wajibu kwamba baraka ilikuwa ya mtama, haikuwa ruhusa ya kulala, na padri akija aulizwe mwenyewe. Akinyang'anywa kusoma, hatakufa. Atakaa benchini na kusikia kama wenzake, na pengine ndilo alilokuwa amelikosa.

Shamba, kwa desturi ya kwenu, ni la upande wa mama yako. Mwite mjomba wako, akate kipande kule nyani wanakoingilia, kiwe cha Saturnini na imani yake. Hicho usikipigie debe hata kidogo. Ila kiwe kipande chembamba. Nataka yeye apate somo, sitaki watoto wapate njaa.

Kikiliwa chote huenda akasema ni wewe uliyewaita nyani. Usibishane naye wala usimsimange. Jioni ile mpakulie kutoka upande wako kama siku zote, umwekee na maji ya kunawa. Akikataa kula kwa hasira, funika chakula, ukalale. Umechoka.

Marselina