Isale Lililokatwa Kwenye Uzio Wetu

Mwika, Moshi
12 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Eliudi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Sumbawanga? Sisi wazima, Mama anakohoa kidogo tu, na Kindness katimiza miaka minne. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika.

Unamkumbuka Isack, baba yake Kindness, yule aliyezaliwa Trinidad baba yake akisoma huko, akaletwa Mwika ana miaka kumi. Ndiye aliyelala rumande kwa wizi wa simu Kiboriloni, na ndiye aliyeikana mimba yangu mbele yako. Sasa ni msanii mkubwa Dar. Himo yote wanapiga rapu zake, hata watoto wa shule ya Jumapili wanaziimba. Sikatai, anajua, na nilifurahi kusikia katulia.

Jumanne walikuja vijana wake wawili na jani la isale, wakasema Isack anaomba msamaha. Mmoja kashika simu, anarekodi. Mama akanyoosha mkono, maana isale halikataliwi, ukiletewa unasamehe.

Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza." Nikawauliza wamelikata wapi. Wakaangaliana. Nikaenda kwenye uzio wetu, nikakuta shina bado linatoa maji. Baba Mdogo, tunaombwa msamaha kwa jani letu wenyewe, tena bila mzee hata mmoja wa kwao. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. "Huko alikozaliwa labda masale yanaokotwa njiani."

Halafu yule wa simu akaniuliza mtoto anaitwa nani.

Hapo ndipo niliposhtuka, nikawarudisha bila kulipokea jani. Winfrida wa mitumba ananiambia Isack anatoa wimbo wa binti yake, na ameshatangaza kwamba Jumapili ya tarehe 22 atakutana naye. Watu wametangaziwa kabla yangu mimi mama yake. Nahisi anatafuta video, si mtoto. Na tukishapokea isale hatuna tena neno la kumzuia.

Lakini Kindness kila siku anaulizia baba yake, nami natamani ampate. Nimemtumia Isack ujumbe: aje mwenyewe na babu yake, na isale la kihamba chao, shamba la ukoo wao, simu zibaki kwenye gari. Kajibu, "Poa, nakuja." La simu hakuligusa.

Naomba ufike kabla ya siku hiyo, upokee wewe au ukatae wewe. Usipofika, nitasimama mlangoni mwenyewe, na mtoto hatoki ndani mpaka nione mikono ya kila mmoja wao haina simu. Nimemwambia tu kuna mgeni. Ameshachagua gauni.

Msalimie Mama Mdogo Elinipendo na wadogo zangu. Mungu akutangulie njiani.

Mwanao akupendaye,
Yuditha