Nusu Yangu ya Ugonjwa wa Wafula

Kwako Mama,

Mulembe. Magoti yanaendeleaje, na yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Sisi huku Uingereza baridi inatuchapa, lakini tuko wazima na tunacheka.

Mjukuu wako Wafula ameongeza kilo mbili, Mama. Akimaliza ugali wake anaanza wangu. Si unakumbuka vile alikuwa: miaka mitatu, mifupa tu, tumbo linaendesha, homa haimwachi. Ukasema marehemu babu analilia jina lake, anataka mtoto aitwe yeye, tukampa. Ukasema ati ni mjomba wako ndiye amekasirika, tukampa na hilo pia. Mtoto akawa na majina matatu na kilo zile zile, bana.

Halafu ukasema damu ya Nekesa ndiyo mbaya, nimrudishe kwao Kitale. Simu ilikuwa kwa spika. Mke wangu alisikia yote.

Basi tulipimwa sote watatu. Daktari akatueleza kwamba mwilini kuna mashine ndogo sana za kutengeneza protini, zinaitwa ribosomu. Kila moja ina vipande viwili, kama mawe ya kusaga unga. Katikati huwekwa kizuizi, na kuna protini ambayo kazi yake ni kukitoa ndio vipande vikutane. Jeni ya hiyo protini inaitwa SBDS, na ya Wafula ina hitilafu. Ndiyo maana tumbo lake lilishindwa kusaga mafuta na damu ikawa dhaifu. Sasa anapewa dawa kila akila, na damu inapimwa mara kwa mara. Ugonjwa haujaisha, lakini tunauweza.

Nekesa aliuliza ugonjwa umetoka kwa nani. Daktari akajibu, "Kwenu wote wawili. Jeni ya mmoja peke yake haingemfanya mgonjwa."

Nekesa alilia, halafu akanicheka njia nzima tukirudi nyumbani. Na mimi, Mama, jeni hiyo sikuiokota barabarani. Nimeipata kwako ama kwa marehemu Baba, na hakuna wa kulaumiwa.

Disemba tunakuja. Nekesa anasema yeye na mtoto watabaki Kitale kwa wazazi wake. Huko kwako Bungoma hafiki mpaka akusikie. Simlaumu. Siku ile ya simu mimi nilinyamaza, na bado inaniuma. Tafadhali mpigie yeye mwenyewe, usipitie kwangu.

Msalimie dada yangu Nafula anayefundisha Kibabii, na shangazi Nanjala anayeuza ndizi Kimilili. Mwambie shangazi asitafute jingine, majina yametosha.

Mwanao, mwenye nusu ya hiyo damu mbaya,
Wekesa