Fiati ya Zablon Haikatwi

Nyuma ya Soko la Mahindi,
Kibaigwa, Kongwa,
Dodoma.
12 Julai 2024

Mpendwa shemeji yangu Yoramu,

Mbukwenyi! Natumaini barua hii itakukuta huko Kasulu ukiwa mzima, wewe na mkeo Zipora, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Huku kwetu tu wazima. Mimi presha ilipanda juzi, ikashuka yenyewe ilipoona sina habari nayo. Baridi ni kali na upepo unatujazia vumbi hadi kwenye ugali. Mahindi yameingia sokoni kwa wingi, malori yanapanga foleni tangu alfajiri, na madalali wanapiga kelele kama kawaida yao.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimekupigia, na kila tukifika kwenye jambo lenyewe mtandao wa Kasulu unakatika. Barua haikatiki, shemeji. Utaisoma mpaka mwisho, na ukiificha, Zipora ataiona.

Meshack mwanangu ameniambia umekubali. Kwamba kwa kuwa ukoo ulikuweka wewe kuwa msimamizi wa mali ya marehemu kaka yako, neno lako ndilo linalosubiriwa, na neno lako ni kwamba ile Fiati, lori la Zablon wangu, iuzwe chuma chakavu ili pale uani vijengwe vyumba vya kupangisha. Nimelisikia. Sasa sikia na langu: sikubali. Hata mkiitisha kikao cha ukoo mkachinja na mbuzi, nyama nitakula na bado sitakubali.

Mnasema gari limekufa. Nani kakwambia nalitunza kwa sababu linatembea? Haliwaki, najua. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva na mayai nakula. Lakini hilo ndilo lililotoa mahindi Mlali wakati barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, likayafikisha Tabora, likarudi na asali. Vijana wa siku hizi wenye magari ya Kichina yenye kiyoyozi hawajui maana ya kupanda mlima kwa gia ya kwanza huku dereva anaimba ili asisinzie.

Zablon alikuwa akitoka safari anazima gari, analizunguka, anapiga kila tairi kwa nyundo kusikia kama lina upepo, ndipo anakuja kunisalimia mimi. Nililionea wivu gari lile miaka mingi, nisikufiche. Leo ndimi ninayelitetea.

Na wewe umesahau Bahi? Mto Bubu umejaa, malori yamelala foleni kutwa kucha, na mimi na tumbo langu niliyekataa kubaki nyumbani. Meshack alizaliwa mle ndani, kwenye kile kitanda cha nyuma ya kiti. Mama mmoja wa palepale Bahi aliyekuja kuuza karanga ndiye aliyempokea. Wewe ulisimama nje, umetupa mgongo kwa heshima ya ushemeji, umeshika turubai dirishani mvua isiniingie, na ulilia kuliko mtoto. Leo mtoto huyo anataka kukikata chumba alichozaliwa, na wewe unamwambia kata.

Jumatatu walikuja. Wanaume watatu na mitungi yao ya gesi ya kukatia chuma, Meshack mbele yao, hanitazami usoni. Sikupigana. Nilichukua panga nikakata matawi mabichi ya mwarobaini, nikayapanga mbele ya gari na nyuma yake, mengine nikayafikisha hadi ukingoni mwa barabara kuu. Maana yake unaijua mwenyewe: kuna mwenzenu amekwama, punguza mwendo, simama uulize. Siku hizi wanabeba zile pembetatu nyekundu, lakini mila ya majani haijafa. Lori la kwanza likasimama, na la pili, na yaliyofuata. Wale jamaa hawajafungua hata gesi yao, uani pameshajaa madereva wenye spana mkononi, wananiuliza gari lina tatizo gani.

Nikawajibu, "Gari halina tatizo. Tatizo ni hawa."

Halfani wa Kondoa alikuwemo, yule mzee aliyeendesha Leilandi zamani zile na sasa anaendesha lori la mwanawe. Alipoliona alivua kofia. Akasema, "Mama Meshack, hili lilinivuta kwenye tope la Manyoni siku mbili, na mumeo hakukubali hata nimnunulie chai." Kisha akakaa juu ya bampa na hakuinuka. Wenzake wakakaa pembeni yake.

Huko barabarani foleni ikafika sokoni, trafiki akaja amefura, akauliza kama gari limeharibika. Nikamwambia bado, ndiyo wanataka kuliharibu. Alicheka, lakini akaniamuru niondoe majani ya barabarani, nikayaondoa. Ya uani nimeyaacha.

Wale wa gesi waliondoka. Walisema watarudi mwisho wa mwezi, na kwamba wao hawagombani na mama mzee, wanachotaka ni neno la msimamizi basi. Meshack hajala kwangu tangu siku ile. Inaniuma, shemeji, ni mwanangu wa kwanza, usidhani nafurahia. Lakini vyumba vinaweza kujengwa upande wa zizi. Mbuzi nitawahamisha, nimeshamwambia. Gari sihamishi.

Msalimie sana Zipora, mwambie ile mbegu ya mtama aliyonipa imeshika vizuri. Msalimie Gerson na wanawe wote. Mtani wako Batholomeo anakusalimu, anasema usife kwanza mpaka apate nauli ya kuja kukuzika. Mungu azidi kukupa afya na mkate wa kila siku, na azilaze mahali pema roho za wote waliotutangulia.

Nimalizie. Sikuombi umkataze Meshack, wewe ni mtu mzima na neno ni lako. Ila ukiamua gari likatwe, usilitume neno hilo kwa simu. Panda basi, uje mwenyewe, uushike ule moto kwa mkono wako, na kata ya kwanza ukate wewe, mbele ya mwanao Meshack. Mimi hutanitafuta. Nitakuwa nimekaa ndani ya gari.

Shemeji yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Penina, mke wa Zablon