Mchanga wa Dagaa na Paka wa Baba

Ilemela, Mwanza
Jumatatu asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa? Na kahawa ya nyuma ya nyumba, umepata wa kukuchumia au bado unapanda kigoda mwenyewe kama nilivyokukataza? Mimi ni mzima, kifua kimeachia, cherehani inakwenda. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hukuniacha nimalize. Ulisema, "Mtupe huyo paka, Asteria," ukakata. Barua haikatwi. Mdogo wangu Koku akusomee mpaka mwisho, na asiruke mahali.

Ni kweli paka wetu Karani alikojolea vitambaa vyangu, sikufichi. Alianza na zulia, akaja kwenye godoro, halafu wiki iliyopita akapanda juu ya satini nyeupe ya magauni ya komunyo, niliyokwisha kuikata, akajimwaga kama yuko shambani. Nilipiga kelele mpaka Mama Kulwa, mwenye nyumba wangu, akatoka na mwiko mkononi. Ni mama mpole sana, lakini siku hiyo upole ulimwishia. Alisimama mlangoni, ameziba pua kwa kanga. "Mwanangu, harufu imefika mpaka jikoni kwangu. Nakupa mpaka Jumapili. Ama paka aondoke, ama uondoke naye."

Uliniambia nimsugue pua kwenye mkojo wake, nami nikafanya. Najuta, mama. Aliniangalia kwa macho yale aliyokuwa akimwangalia baba akichelewa kumpa maziwa, na tangu hapo akawa anakwenda kukojoa uvunguni nisimwone. Hapo ndipo niliposema hapana. Paka huyu alilala miguuni mwa baba mpaka siku ya mwisho. Ulinipa nije naye kwa sababu ulishindwa kumtazama akimngoja baba mlangoni kila jioni. Sikumvusha ziwa ndani ya kapu, natapika njia nzima, ili nije kumtupa mwaloni wanakoshusha samaki, agombanie matumbo na mbwa.

Jumanne nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Wenye mbuzi wao kwenye foleni walinicheka waziwazi. Daktari amezoea ng'ombe, lakini alimpapasa tumbo taratibu, akauliza kama anajikamua, kama nimeona damu. Sikuwa nimeona. "Huyu mzima," akasema. "Paka hakojoi kitandani ili kukukomoa. Nenda kachunguze beseni lake."

Beseni! Mama, nilikuwa najivunia beseni lile. Huku kwetu Ilemela ni mawe matupu, ukichimba kidogo unagonga jabali, paka hana pa kufukia. Ndiyo maana kila wiki nilikuwa nateremka ziwani kuchota mchanga, ule laini wa pale wanawake wanapoanika dagaa. Basi siku hiyo niliacha cherehani, nikakaa kumtazama tu. Karani akaingia kwenye beseni. Akanusa. Akalamba mchanga. Kisha akaketi katikati, mkia umezunguka miguu, akanikazia macho kama anavyonikazia saa ya chakula.

Nikashuka ziwani kumweleza dada mmoja Mjita, ninayemkuta siku zote akigeuza dagaa wake. Alicheka mpaka akaangusha reki. "Wewe Mhaya wewe! Umemwekea sahani, halafu unataka ajisaidie sahanini? Mchanga huu umelala na dagaa tangu mama yangu hajaolewa!" Na mimi nilicheka, halafu nikalia palepale, kwa sababu nilikumbuka ile pua niliyoisugua.

Alhamisi nilikwenda Mkolani kwa fundi mwenzangu mwenye migomba mitatu uani. Nikachimba udongo mweusi wa chini ya migomba, nikarudi nao kwenye kiroba. Beseni nililisugua kwa sabuni, nikalianika juani, nikaliweka nyuma ya kabati, mbali na bakuli lake la chakula. Godoro na zulia niliviosha kwa siki mpaka chumba kikanuka kachumbari. Karani alizunguka beseni mara mbili. Akachimba kidogo, akaacha. Akachimba tena. Halafu akachuchumaa, mama, amefumba macho kama alivyokuwa akifanya kwenye kibanja chetu cha migomba, na alipomaliza akafukia kwa heshima zote. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Magauni niliyakata upya kwa satini nyingine, nikayashona bila kuinua kichwa, na jana watoto waliyavaa kanisani. Baada ya misa Mama Kulwa alikuja kukagua. Alinusa godoro, akanusa zulia, akainama mpaka uvunguni na mwili wake ule. Alipoinuka alisema neno moja tu: "Abaki." Leo asubuhi nimemwona anamrushia kichwa cha sato dirishani, anadhani sioni.

Sasa nina ombi. Udongo wa Mkolani nikiendelea kuuchota, ile migomba ya watu itakufa. Nataka kiroba kimoja kutoka kibanjani. Kichimbwe upande wa chini, msisogelee alipolala baba, ingawa najua yeye ndiye angekuwa wa kwanza kusema chimbeni hapahapa. Na usimpe mtu aniletee. Tangu tumzike hujavuka ziwa, kila nikikuita unasema nyumba itabaki na nani. Itabaki na Koku. Njoo nacho mwenyewe.

Mfikishie shangazi salamu, na umwambie gauni lake liko tayari. Msalimie ma'mdogo na mumewe, pia yule katekista aliyekaa na baba siku zile ngumu. Koku nimemkumbuka sana, aache kujifanya hasikii unapomwita.

Karani bado anakwenda kukaa mlangoni kila jioni, hata huku, kwenye mlango ambao baba hakuwahi kuufungua. Siku moja tu nataka ufunguke, aingie mtu anayemjua.

Ni mimi mwanao, fundi wako,
Asteria