Kiti Kitupu Mbele ya Kamera

Kashai, Bukoba,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa dada Georgina,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto lake? Goti linaendeleaje, umeshaanza zile dawa au bado unazitazama tu kabatini? Sisi huku mvua imekatika, na kahawa za mama kule Rubya ziko juani. Mimi mzima, ila tangu Alhamisi chakula hakipiti.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami kwa woga ningesema kila kitu kilikwenda vizuri.

Ni habari za mwanao. Uliponiletea Evelyne nimfundishe Kichina na Kirusi pamoja, ulisema nafasi ya masomo ikikosekana kwa Warusi, ipatikane kwa Wachina. Kwa Warusi alikosa mwezi wa tatu. Imebaki hii ya China tu, na usaili wake ulikuwa Alhamisi, kwa video, hapa chumbani ninapofundishia.

Unajua ninavyofundisha: kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika, vyote kwa kipimo kimoja. Mama alinisihi nimkaririshe majibu ya usaili, basi. Nikakataa, nikajifanya mwalimu kwelikweli. Siku tatu hizi najiuliza kama ujuaji wangu umemponza mtoto.

Ilikuwa hivi. Nilimwomba Kahangwa wa duka la jirani azime redio, kisha nikatoka, maana mwalimu haruhusiwi kuwa ndani. Nikasimama dirishani. Kwenye kompyuta akatokea mzee mwenye mvi kichwa kizima. Evelyne akamwamkia kwa Kichina safi. Halafu, dada, akapiga magoti! Kama anavyomwamkia mama kule Rubya. Mchina wa watu akabaki anatazama kiti kitupu na pazia langu lenye kiraka.

Yesu wangu! Mzee aliita jina lake mara mbili. Nilitaka kuingia, nikaogopa wasije wakasema anasaidiwa. Mara nikasikia sauti kutoka chini ya meza, taratibu, kwa Kichina, kila neno na mlio wake: "Nipo hapa, babu. Kwetu mkubwa haamkiwi ukiwa umeketi."

Sentensi hiyo sikumfundisha. Hata mimi ningejiumauma kwanza.

Akarudi kitini, wakaendelea. Maswali mengi alijibu, mawili yalimshinda kabisa. Mwishoni yule mzee alisimama, tukaona vifungo vya koti tu, kisha akainama mpaka mvi zikajaa kwenye kioo. Picha ikakatika hapo hapo.

Sasa dada, kule kuinama kulikuwa na maana gani? Karibu, au pole na kwaheri? Nafundisha Kichina mwaka wa tisa huu na sijui. Majibu yatatoka mwisho wa mwezi. Kila asubuhi Evelyne ananiuliza, "Mjomba, nimeharibu?" Namwambia hapana, nakimbilia kuwasha jiko nisimtazame usoni. Alinisihi nisikwambie, na ona, nimekwambia.

Mama nimemwambia usaili ulipita salama, usije ukanichoma. Anakusalimu sana, anasema Krismasi hii usitafute kisingizio. Wifi yako Agnetha naye anakusalimu. Msalimie shemeji Buberwa.

Mungu akufunike kwa mkono wake, na majibu yakifika yatukute tumesimama imara.

Neno moja tu, waitu, dada yangu. Ukimpigia Evelyne, usimgombeze kwa kupiga magoti. Mengine yote nilimfundisha mimi, na baadhi yalimtoka kwa woga. Magoti ulimfundisha wewe, nayo hayakumtoka.

Mdogo wako akupendaye, tena akuogopaye,

Kyaruzi